Buti la Mguu wa Kushoto

22 Aprili

Dada Jane wa hospitali ya mjini, yule wa mazoezi ya viungo, ameniambia niwe naandika. Maumivu yamekuja saa ngapi, yamekaa kwa muda gani, kabla yake kulikuwa na nini. Nimechukua daftari la hisabati ambalo binti yetu Angela aliliacha nusu alipokwenda bweni. Mimi ni katibu wa kwaya hapa kigangoni Msanzi, kuandika hakunishindi.

Basi naandika. Mume wangu Flavian alikatwa mguu wa kushoto, chini ya goti, mwezi wa pili. Gurudumu la mkokoteni wa ng'ombe lilimpanda, kidonda kikaoza, madaktari wakakata kabla uozo haujapanda juu. Kigutu kimepona, ngozi imefunga vizuri. Lakini leo asubuhi nikiwa nachambua maharage ameniita, akaniambia nimvue buti. Alikuwa peku. Mguu alio nao ulikuwa peku. Alikuwa ananionyesha pale ambapo blanketi limelala bapa.

"Linanibana, Mama Angela. Vidole vimejikunja ndani. Nivue."

Nilisimama na ungo mkononi. Sikujua nimvue nini.

23 Aprili

Mvua. Maumivu mara tatu.

24 Aprili

Mvua. Mara nne. Ya nne ilikuja nikiwa napakua, nikaacha sufuria nikakimbia. Kuku wamekula ugali wetu.

27 Aprili, Jumapili

Naandika jambo ambalo Dada Jane hakuniuliza. Wiki za mwanzo nilidhani Flavian anadeka. Kukatwa nilimwonea huruma, lakini mtu mzima kulilia kidole asichokuwa nacho, niliona anataka tu nikae karibu yake kutwa nzima. Siku moja nilicheka. Niligeukia ukutani, lakini alisikia. Tangu siku hiyo yakimjia hung'ata kona ya blanketi ili nisimsikie.

Leo baada ya misa kaka yake Beda amekuja. Ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba mkwe alipofariki. Ndiye pia aliyekuwa ameshika hatamu siku ile mkokoteni ulipomkanyaga mdogo wake, ingawa hilo halizungumzwi. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akasema sababu ya maumivu anaijua. Mguu haukupumzishwa. Huko ulikotupwa umelala vibaya, vidole vimejikunja, ndiyo maana mwenyewe anasikia vimejikunja. Lazima uitwe nyumbani na damu imwagwe.

Nikamuuliza damu ya nini. Akatazama zizini. Tuna maksai wawili, Waziri na Mbunge, ndio wanaotulimia huu mwaka wa sita. Akasema Waziri atatosha, na kwamba mtu wa mguu mmoja hana kazi na maksai wawili.

Nikamwambia, shemeji, karibu chai. Hakukaa.

Alipoondoka tu maumivu yakaanza, yakakaa mpaka jua likazama.

30 Aprili

Mvua imekatika, upepo umeanza. Mara tano. Nimeng'oa magugu nusu mstari wa ulezi, nikaitwa. Nimerudi shambani, nikaitwa. Nimekaa chini katikati ya shamba nikamtukana Flavian kwa sauti. Hakuna aliyenisikia ila ndege.

3 Mei

Leo Justina ameingia kwetu. Ni mke wa Nyanda, Wasukuma waliohamia ng'ambo ya mto na ng'ombe wao. Mwaka juzi ng'ombe hao waliingia kwenye mahindi yetu, tukaenda mpaka kwa mtendaji wa kijiji, na tangu hapo salamu zetu ni za barabarani tu. Alikuwa anapita, akasikia Flavian analia, akaingia bila hodi. Akanikuta nimekaa nje ya mlango nimeshika kichwa.

Hakuniuliza kitu. Aliingia ndani, akasikia Flavian akilalamikia buti, na wala hakucheka. Alimuuliza linabana upande gani. Flavian akamweleza: kidole gumba ndicho kibaya zaidi, kimevutwa chini ya vingine. Kumbe hata mimi sikuwahi kumuuliza hivyo.

Kisha akaniambia nikalale. Nilikataa. Akasema yeye mgongo unamuuma mwaka wa tisa sasa, tangu alipojifungua wa mwisho, na ameshaujua kama anavyomjua ng'ombe mkorofi, anajua akae upande gani asipigwe teke. "Lakini mtu asiyelala hajui kitu," akasema. "Kalale, mama."

Nimelala kwa saa tatu, mchana kweupe. Nilipoamka alikuwa anamsimulia Flavian safari ya kuswaga ng'ombe kutoka kwao mpaka huku Ufipa, na Flavian alikuwa anauliza maswali.

8 Mei

Tumekwenda mjini. Pikipiki ya Nyanda mpaka barabara kubwa, Flavian katikati, mimi nyuma nimeshika magongo kama mikuki. Kisha gari mpaka Sumbawanga.

Dada Jane amesoma daftari lote, hata pale nilipoandika matusi. Amegundua jambo: maumivu huzidi siku za baridi, siku za upepo, siku ambazo Flavian hakulala, na siku ile aliyofika Beda. Flavian alicheka. Sikumbuki alicheka lini mara ya mwisho.

Halafu Dada Jane alituketisha akatueleza. Mishipa ya fahamu iliyokuwa ikienda mpaka vidoleni bado ipo, imekatwa katikati tu. Ubongo unaendelea kuuita mguu. Ukiita usijibiwe unapaza sauti, na sauti yenyewe ndiyo maumivu. Kumbukumbu ya mwisho uliyo nayo ni ya mguu uliobanwa ndani ya buti, kwa hiyo ndiyo unayoirudia. Akamtazama Flavian akasema, "Baba, si uongo, si wazimu, wala si mzimu. Maumivu ni ya kweli. Wengi sana waliokatwa viungo wanayapata."

Flavian aliinama. Machozi yalimdondokea mkononi, akayaacha. Alimuuliza Dada Jane kama anaweza kumwandikia maneno hayo kwenye karatasi, "si wazimu". Akamwandikia, akagonga na mhuri.

Amepewa kidonge kidogo cha kumeza kila jioni, daktari ameandika. Ni dawa ambayo wenye huzuni nao hupewa, lakini kwake ni ya kutuliza mishipa. Kitamkausha mdomo, na kazi yake haionekani kwa siku mbili tatu, tungoje wiki kadhaa. Amefundishwa kukisugua kigutu na kukigongagonga polepole kwa vidole. Zaidi ya yote tutafute kioo kirefu. Akae, kioo kisimame katikati ya miguu, kigutu kifichwe nyuma yake, atazame mguu mzima kwenye kioo na kuuchezesha taratibu. Ubongo utaona miguu miwili, na huenda ukaacha kupiga kelele. Dakika kumi kila siku. Hakuahidi kwamba yatakwisha.

Mwisho akanigeukia mimi. "Na wewe unapumzika lini?" Nikamwambia mimi si mgonjwa. Akasema bado.

10 Mei

Kioo kirefu kwetu kipo kimoja tu, kwenye mlango wa kabati la nguo. Kabati hilo Flavian alilitengeneza mwenyewe kwa mbao za mninga mwaka tuliofunga ndoa. Alipoona nafungua bawaba kwa bisibisi alinifokea kwamba naibomoa nyumba yake. Nikamwambia nyumba inabomoka kwa kelele zake, si kwa bisibisi yangu. Nikaubeba mlango mzima, na kioo chake, nikauegemeza ukutani sebuleni.

Nguo zetu sasa ziko wazi, kila mgeni anaziona. Waone.

12 Mei

Tumejaribu. Nilimkalisha kwenye mkeka, nikasimamisha kioo. Alitazama. Mguu wa kushoto ulikuwepo pale, kamili, na kovu lake la zamani la shoka tu ndilo lilikuwa halipo. Alichezesha kidole, kikacheza. Akafumba macho, akaanza kulia kwa sauti ambayo hata siku ya ajali hakulia. Akasema niondoe, niondoe kitu hicho.

13 Mei

Hataki.

14 Mei

Hataki. Mara sita.

16 Mei

Hataki. Kidonge anameza. Leo amelala saa nne mfululizo, na mimi pia.

18 Mei, Jumapili

Nimekwenda mazoezi ya kwaya baada ya misa, mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. Justina alikaa na Flavian. Pale kanisani Salome wa sauti ya pili aliniuliza, kwa upole wa uongo, kama nina moyo wa kuimba mume akiwa kitandani. Nikamwambia koo ni langu, mume ni wangu. Niliimba sauti ya kwanza mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka.

Niliporudi Beda alikuwa amekaa na amekiona kioo. Hasira zake sijawahi kuziona. Alisema tunauita mguu kwa kioo kama watoto wanaocheza na kaburi. Amepanga siku: Jumapili ya kwanza ya mwezi wa sita wazee wa ukoo watakuja, Waziri atachinjwa, yaishe. Flavian hakusema neno. Alikuwa amegeukia ukuta.

Nilimchukia Beda. Nikamchukia na Flavian kwa kunyamaza. Maumivu mara nne.

20 Mei

Leo lazima niandike yote.

Asubuhi yalimshika tangu saa moja. Saa nne alikuwa hoi, jasho linamtoka na nje ni baridi. Nikaenda chini ya kitanda nikatoa buti la kulia. La kushoto walilichana kwa mkasi hospitalini, hili lilibaki na udongo wa siku ile bado umekauka kisiginoni. Sikumwomba ruhusa. Nilimvuta mpaka kwenye mkeka, nikamvalisha buti mguu wa kulia, nikasimamisha mlango wa kabati katikati ya miguu yake. Nikamshika kidevu nikamgeuzia kwenye kioo.

"Tazama," nikamwambia.

Kwenye kioo buti lilikuwa limevaliwa mguu wa kushoto. Alilitazama kama mtu aliyemwona mwizi wake sokoni. Nikapiga magoti mbele yake, nikashika kisigino na ncha, nikaanza kulivuta. Nilivuta taratibu, kama tunavyovuana tukitoka shamba la matope. Lilikwama kwenye kifundo, akaguna. Nikalizungusha kidogo, likatoka lote. Nikamvua na soksi. Mguu ukabaki mweupe kwa baridi, vidole vitano. Nikamwambia avikunjue. Akavikunjua kimoja kimoja, macho hayabanduki kwenye kioo, na kile kidole gumba kikawa cha mwisho.

"Limetoka," akasema.

Aliegemea ukuta akalala pale pale. Saa nane mchana alikuwa bado amelala, na mimi nilikuwa nimekaa nimelipakata lile buti, sifanyi chochote.

21 Mei

Yamerudi. Mara mbili, lakini si ya buti. Anasema sasa ni kama mguu umekaa kwenye maji ya baridi. Alikiomba kioo mwenyewe.

22 Mei

Mara mbili.

25 Mei, Jumapili

Mara tatu, upepo mkali. Nimeimba. Salome ananikalia mbali.

29 Mei

Mara moja.

1 Juni, Jumapili

Walikuja. Beda na wazee wawili, na kamba. Niliwaamkia shikamoo wote watatu kwa heshima, nikawapa viti, nikawapa togwa. Beda alipomaliza kunywa akasimama na kamba yake akaelekea zizini. Nikamtangulia. Nikasimama kwenye lango, mgongo wangu kwenye miti, nikamwambia hapiti.

Mzee mmoja akasema mwanamke asiingilie la ukoo. Nikamwambia ukoo haujawahi kuamka kumsugua kigutu. Ukoo haukumbeba kwenda chooni. Nikasema maksai huyu ndiye ugali wa mwakani, na kama ni damu inayotakiwa mguu ule ulishamwaga ya kutosha.

Beda alinishika bega anisogeze. Hapo ndipo tukasikia magongo. Flavian ametoka ndani peke yake, ameteremka ngazi mbili za baraza ambazo hajawahi kuzishuka bila mimi. Alikuwa na ile karatasi ya Dada Jane mfukoni, lakini hakuitoa. Alikuja mpaka langoni, akasimama kati yangu na kaka yake, anahema.

"Mwache mke wangu," akasema. "Mguu hauniiti mimi. Mimi ndiye ninayeuita, na sasa najifunza kuuacha. Waziri hachinjwi."

Beda aliikaza kamba mkononi. Nilidhani atapiga mtu. Badala yake aliketi chini, pale kwenye samadi, na suruali yake ya kanisani. Akasema hospitalini walimletea karatasi, waliuliza mguu apewe akauzike nyumbani au hospitali iuteketeze. Flavian alikuwa bado kwenye usingizi wa dawa. Mimi nilikuwa nimekwenda kumtafutia uji. Beda akaogopa kuubeba, akaogopa watu watamuuliza njiani, akaona heri aweke sahihi uchomwe. Akaweka. Hakumwambia mtu. Na tangu aliposikia mdogo wake analilia vidole, anaona ni yeye aliyeviunguza vikiwa vimejikunja.

"Hatamu nilishika mimi," akasema. "Sahihi niliweka mimi. Utaniacha nisifanye chochote?"

Miezi yote hii niliamini anataka tushindwe kulima ili achukue maksai na shamba. Huenda alivitaka pia, mimi si padri wa kumpima moyo. Lakini niliona uso wake, nao ulikuwa uso wa mtu aliyebanwa na buti lake.

Flavian aliegemeza gongo moja kwenye lango. Kisha akasema, "Ningeamka na mguu wangu chini ya kitanda, ningefanya nao nini, kaka? Hata mimi ningesaini." Halafu akamwambia kama anataka kufanya kitu, ulezi unakaribia kukomaa na kisu cha kuvunia anacho.

Wazee walimalizia togwa wakaondoka. Kamba waliisahau.

Yalimshika jioni, makali. Dakika arobaini. Sikushangaa. Naye hakung'ata blanketi.

10 Juni

Ulezi umekomaa. Flavian anataka kuvuna. Watu wote wanasema apumzike.

11 Juni

Ameingia shambani. Amekaa chini kwenye gunia, anakata masuke, anajisogeza kwa makalio mstari kwa mstari. Amevuna tangu asubuhi mpaka jioni bila kutulia, mpaka akanishinda mimi. Alikuwa anaimba.

12 Juni

Hajatoka kitandani. Mara saba.

13 Juni

Mara tano. Nimempigia Dada Jane. Hakumgombeza. Anasema kosa hilo hulifanya wote, siku njema wanaila yote. Afanye kazi kwa saa, si kwa nguvu. Asimame kabla maumivu hayajamsimamisha. Na mimi nisimnyang'anye kisu.

15 Juni, Jumapili

Misa. Flavian amekwenda kwa magongo, amekaa kiti cha mbele. Watu walimgeukia, naye akawageukia.

17 Juni

Anavuna nusu saa, anapumzika nusu saa. Wakati wa kupumzika anajifunika blanketi kigutuni kwa sababu ya upepo, anakigongagonga. Mpita njia mmoja alimwambia pole, bora ungebaki nyumbani. Flavian akamjibu nyumbani pia panauma, na huko hakuna ulezi.

Justina amekuja kutusaidia, naye anavuna kwa mtindo huo huo, nusu kwa nusu, kwa ajili ya mgongo. Wamekaa wawili kama watu wa ofisini, wanaangaliana saa.

19 Juni

Beda amekuja alfajiri na kisu. Amevuna kona ya mbali. Mchana nilimpelekea chakula. Alinishukuru bila kunitazama. Sijamsamehe lile la kunishika bega. Lakini nilimwekea mboga ya kutosha.

20 Juni

Beda tena. Leo alivuna karibu na Flavian. Yalipomshika mdogo wake katikati ya mstari, Beda alitupa kisu akaanza kukimbia kuniita. Flavian akamzuia. Akamwambia akae, asiseme kitu, asimtazame kwa huruma, aendelee kukata. Beda alikirudia kisu chake, akakata. Zilipita dakika kumi na tano. Flavian alitukana mguu wake matusi ambayo siwezi kuyaandika katika daftari la mtoto, kisha akaokota kisu.

27 Juni

Tumemaliza kuvuna. Baridi kali. Mara mbili.

2 Julai

Kupura ulezi. Flavian amekaa kwenye gogo na fimbo ndefu, anapiga akiwa ameketi. Mara moja.

6 Julai, Jumapili

Tumekwenda tena mjini wiki hii. Dada Jane amesema kidonge kiendelee, na mguu wa bandia utazungumzwa kigutu kikishakaza. Flavian alimuuliza maumivu yatakwisha lini. Akasema huenda yakapungua sana, huenda yakabaki. Flavian akasema sawa, ila yajue kwamba tuna kazi.

Leo ni ugali wa kwanza wa ulezi mpya. Tulimwalika Beda, na Justina na Nyanda. Nilikuwa jikoni nasonga, mwiko umeshaanza kuwa mzito, nikasikia sebuleni sauti ile. Naijua hata kabla haijatoka kooni. Mwili wangu uligeuka mlangoni wenyewe.

"Mama Angela," akaita kutoka kule, amebana meno, "usiache ugali."

Sikwenda. Nilisonga. Nilimsikia akihema kwa kuhesabu, nikasikia Nyanda akiendelea na habari za mnada wa ng'ombe kana kwamba hakuna kitu, nikasikia sauti ya Beda ikimjibu Nyanda. Nilisonga mpaka ukaiva sawasawa, mweusi, unanukia, nikaupakua kwenye sinia nikaupeleka.

Bado yalikuwa yamemshika. Mkono wa kushoto ulikuwa unasugua kigutu, na jasho lilikuwa kwenye mdomo wa juu. Kwa mkono wa kulia alimega tonge kubwa kuliko la mtu yeyote, akachovya kwenye maharage, akala. Akamega lingine. Beda alimsogezea bakuli bila kusema pole.

Alimaliza wa kwanza, akaomba aongezwe.